Amoksilini: kwa nini saa za kumeza zina maana

Amoksilini hufanya nini mwilini?

Ni dawa ya jamii ya penisilini, na kazi yake ni kuua bakteria. Bakteria amezungukwa na ukuta unaomzuia asipasuke kwa maji yanayomwingia. Kila akikua na kugawanyika, hana budi kuujenga upya. Amoksilini hunasa vimeng'enya, yaani protini zinazofanya ujenzi huo. Ukuta hulegea, naye hupasuka. Seli zetu hazina ukuta wa aina hiyo.

Mbona haitibu mafua?

Mafua huletwa na virusi, navyo havina ukuta wa kubomolewa. Utakayemuumiza ni bakteria wa tumboni asiye na kosa, na huenda ukaharisha bure.

Kwa nini kila baada ya saa 8?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Figo zikiwa nzima, nusu ya dawa iliyomo kwenye damu huondoka kwa takriban saa 1 tu. Na kwa kuwa humpata bakteria akiwa katika ujenzi, inatakiwa ikae kwenye damu muda wa kutosha. Kwa hiyo kumeza dozi mbili kwa mpigo hakufidii iliyokupita. Ukisahau, meza mara ukumbukapo. Dozi inayofuata ikiwa karibu, iruke uliyosahau. Wapo wanaoandikiwa mara 2 kwa siku: fuata yako.

Nimepata nafuu siku ya 3. Niache?

Usijiamulie, muulize aliyekuandikia. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba dozi hafifu huwazoesha bakteria kuihimili dawa. Baadhi yao leo hutoa kimeng'enya kinachoivunja, na ndiyo sababu wakati mwingine amoksilini huchanganywa na asidi ya klavulaniki, inayokizuia.

Nitajuaje kama nina aleji?

Ukivimba uso au ulimi, au ukapumua kwa shida, kimbilia hospitali papo hapo. Ukitokwa na vipele vinavyowasha, usimeze tena kabla ya kuonana na daktari. Kichefuchefu au kuharisha kidogo peke yake kwa kawaida si aleji. Mweleze daktari hasa kilichotokea, kwa sababu wengi wanaoamini tangu utotoni kwamba penisilini haiwafai, wakipimwa hukutwa hawana aleji yoyote. Inasikitisha, maana huwa wamenyimwa dawa nzuri miaka yote hiyo.