Kitabu cha rejea: maana yake kwa anayeunda modeli za ndege za kivita

Kitabu cha rejea, kwa mtu anayeunda modeli za ndege za kivita, ni kitabu kinachofunguliwa rula ikiwa mkononi. Neno lenyewe linajieleza: unakirejea. Leo unakifungua kutazama ncha ya bawa, kesho unarudi kutazama gurudumu, keshokutwa rangi ya tumbo la ndege. Kinaweza kuwa na maandishi machache, tena ya Kicheki au Kipolandi usichokijua hata neno, na bado kikakufaa kuliko kitabu kinene cha historia ya vita. Historia itakueleza nani alimshinda nani. Mezani kwako swali ni jingine: kioo cha rubani kinafungukia upande gani?

Hapa Dodoma vijana wanaoanza kazi hii huniuliza, "Kaka, kitabu gani kizuri cha MiG?" Ni swali la haki, ila likiwa hivyo halijibiki. Hata MiG-21 peke yake, ndege ya kivita ya Kisovieti ambayo jina lake wazazi wetu walilisikia wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, ni ukoo mzima. MiG-21F-13 ya mwanzo ina kioo cha rubani kinachoinukia mbele, kikiwa kimeungana na kioo cha upepo. Kwenye MiG-21MF ya baadaye kioo cha upepo kinabaki mahali pake na kile cha juu kinafungukia kulia. Pua imekuwa pana na mgongo umenenepa. J-7 ya Wachina nayo ilitokana na ile F-13, kwa hiyo anayetaka kuiunda akanunua kitabu chenye picha nzuri za MF, picha nyingi zitampotosha. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kitabu, taja ndege kwa jina lake kamili, na ukiweza taja mwaka na kikosi.

Jambo la pili ni skeli, maana hapo ndipo kitabu na modeli hukutana. Ni skeli ile ile tuliyofundishwa kwenye ramani. Ukiambiwa 1/72, kila sentimita ya modeli ni sentimita 72 za ndege halisi. Namba hiyo inamshangaza aliyezoea mita, lakini kwa vipimo vya Kiingereza ina mantiki: inchi moja kwa futi 6. Mabawa ya MiG-21 yana upana wa mita 7.15 toka ncha hadi ncha, kwa hiyo kwenye 1/72 yanakuwa sentimita 9.9, na kwenye 1/48 sentimita 14.9. Ukikosea milimita moja tu kwenye 1/72, umekosea sentimita 7.2 za ndege ya kweli.

Hesabu hiyo ndiyo mtihani wa kwanza ninaokipa kitabu chochote chenye michoro. P-51D Mustang, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilikuwa na upana wa mabawa wa mita 11.28. Mchoro wake wa 1/48 lazima usome sentimita 23.5 kwenye rula. Ukisoma 23 kamili, mchoro umepungua nusu sentimita, na ukikata plastiki kwa kuufuata, ndege yako itakuwa imepoteza sentimita 24 za bawa halisi. Angalia pia kama mchoro umevuka katikati ya kurasa mbili. Pale kwenye mshono wa kitabu milimita kadhaa humezwa, na wala hutazigundua kwa macho. Nilishaagiza kitabu cha bei, nikakisubiri wiki kadhaa, kilipofika nikakuta mchoro mkubwa wa juu umepasuliwa na mshono katikati ya bodi ya ndege. Kwa vipimo hakikunisaidia kitu.

Sasa picha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea huku wakiwa na kitabu kizuri mkononi.

Kuna vitabu vya picha za rangi zilizopigwa kwenye majumba ya makumbusho: mpiga picha ameizunguka ndege, akapiga magurudumu, matundu ya bunduki, viti, nyaya, kila kitu kwa karibu. Vinavutia sana. Lakini ndege iliyomo mle imeshakarabatiwa, pengine mara mbili au tatu, na waliokarabati walikuwa na malengo yao. Chukua hiyo hiyo Mustang. Kiwandani, sehemu ya mbele ya bawa lake ilijazwa puti kwenye maungio na juu ya ribiti, yaani vipini vya chuma vinavyoshikiza mabati, ikapigwa msasa hadi ikawa laini, kisha ikapakwa rangi ya fedha. Sababu ni hewa: bawa lile lilichorwa ili hewa ipite juu yake bila kuvurugika, na kichwa cha ribiti kilichotokeza hata kidogo kingeharibu kazi. Fundi yeyote wa kunyoosha bodi za magari anaielewa hatua hiyo. Mustang nyingi zinazoruka leo kwenye maonyesho zimeachwa alumini tupu iliyong'arishwa kama kioo, na ribiti zake zinahesabika.

Mimi nilifuata picha za namna hiyo. Nilichukua sindano na rula ya chuma, nikatoboa ribiti za bawa moja moja kwa jioni tatu, nikaridhika kabisa. Baadaye nikapata picha ya wakati wa vita, nyeusi na nyeupe, bawa limeloa mvua. Lilikuwa laini na tambarare, lisilo na nukta hata moja sehemu ile ya mbele. Nikarudi na puti, nikaziba zote. Tangu siku hiyo naiamini kwanza picha ya wakati wake, hata kama ina ukungu, kabla ya picha ya jana iliyo safi.

Lakini picha ya zamani nayo ina tabia yake. Filamu za zamani za aina ya othokromatiki hazikuiona rangi nyekundu, na njano pia zilionyesha kama kijivu kizito, huku bluu ikitoka nyeupe. Mtu anaweza kutazama duara la njano kwenye ubavu wa ndege akaapa ni jeusi. Kitabu kizuri kinakueleza jambo hilo penye picha yenyewe.

Na maelezo ya chini ya picha ndiyo kipimo changu kikubwa cha kitabu. Ukisoma "Mustang ikipaa, Ulaya" umepewa mapambo tu. Maelezo yakikupa namba iliyoandikwa mkiani, kikosi, uwanja na mwezi, umepewa ushahidi. Faida yake ni hii: P-51D za mwanzo zilitoka kiwandani bila lile pezi dogo linaloteremka kutoka mkiani hadi mgongoni, za baadaye zikawa nalo, na baadhi ya zile za mwanzo zikafungwa pezi zikiwa tayari vikosini. Ndege ile ile, namba ile ile, inaweza kuwa na sura mbili kwa miezi tofauti.

Michoro ya rangi inayoonyesha ndege kwa ubavu, ambayo ndiyo inauza vitabu vingi, mimi naiweka mwisho. Ni tafsiri ya msanii. Akiwa na picha ya upande wa kushoto tu, upande wa kulia ameukisia. Kwa rangi yenyewe natafuta kitabu kinachotaja namba za viwango. Kwa ndege za Marekani ni za FS 595, orodha ya viwango vya rangi ya Marekani, ambapo namba ina tarakimu tano: inayoanza na 3 ni rangi isiyong'aa, na 6 ikifuata ni ukoo wa kijivu. Namba kama hiyo haibadiliki kwa wino wa mchapaji wala kwa jua letu la Dodoma linalofifisha majalada dirishani.

Kwa hiyo mwenye fedha ya kitabu kimoja tu, ushauri wangu ni achukue chenye picha za wakati wa vita zilizoelezwa vizuri, hata kama ni chembamba na hakina rangi. Michoro yenye vipimo ifuate. Kitabu cha makumbusho kinafaa sana kwa ndani ya chumba cha rubani na kwenye matundu ya magurudumu, mahali ambapo picha za zamani hazifiki.

Ukiazima kitabu cha mwenzako ukaenda kutoa kopi ya mchoro, weka rula ya plastiki juu ya ukurasa, kando ya bawa, ndipo kifuniko cha mashine kifungwe. Mashine nyingi za stesheneri zimewekwa zibane ukurasa utoshee A4, na anayekuhudumia huenda asijue. Rula ikitoka ndani ya kopi, utapima sentimita zake kwa rula yako nyingine na kujua pale pale dukani mchoro umepungua kiasi gani.