Kura ya vijiti na kura ya mtungi: watu wa India ya kale walivyojitawala

Neno kura tumelichukua kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni kuchagua kwa bahati: majina yanachanganywa, moja linatolewa. Kiswahili kikalipa kazi ya pili, ya kumchagua mtu kwa kuhesabu wanaomtaka. Nimeanza na neno hilo kwa sababu India ya kale ilizijua kura zote mbili, tena kwa masharti makali, ilhali wengi wanaokuja kusikiliza mihadhara yetu ya historia huamini kwamba huko kulikuwa na wafalme na tembo wao, basi.

Wafalme walikuwepo, tena wengi. Lakini katika karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo, kati ya mto Ganga na milima ya Himalaya, zilikuwepo nchi zisizo na mfalme mmoja. Ziliitwa gana au sangha, yaani kundi, mkusanyiko. Wasakya, ukoo wa Buddha mwenyewe, walitawaliwa hivyo. Waliovuma zaidi ni Walicchavi wa Vaishali, katika jimbo la Bihar la leo, waliokuwa nguzo ya shirikisho la Wavajji. Ngoma ilipopigwa, wakuu wa koo walikusanyika kwenye ukumbi wa baraza na kuamua mambo ya nchi. Hadithi za Kibuddha zinadai kwamba Vaishali ilikuwa na watawala 7,707, kila mmoja akiitwa raja, yaani mfalme. Hiyo ni hesabu ya wasimulizi, lakini inaonyesha sifa ya mji huo kwa majirani. Tusiupambe kupita kiasi, hata hivyo: mtumwa, kibarua na mwanamke hawakuwa na nafasi barazani. Ulikuwa utawala wa koo za wapiganaji.

Ajatashatru, mfalme wa nchi jirani ya Magadha, aliitamani nchi hiyo. Akamtuma waziri wake Vassakara kwa Buddha, asikilize atakachosema. Buddha hakumjibu mgeni moja kwa moja. Alimgeukia mwanafunzi wake Ananda na kumuuliza: Je, Wavajji bado wanakutana mara kwa mara, na kwa wingi? Wanaketi pamoja na kuinuka pamoja? Wanazishika sheria zao za zamani? Wanawasikiliza wazee? Maswali yalikuwa saba, na kila jibu lilikuwa ndiyo. Waziri akaelewa kwamba watu hao hawapatikani kwa vita. Labda kwa fitina. Wafafanuzi wa baadaye wanasimulia kwamba alikwenda kuishi kwao, akawachonganisha kwa miaka mitatu, hata siku ngoma ya baraza ilipolia hakutokea mtu. Kautilya, mwandishi wa India ya kale ambaye kitabu chake cha utawala, Arthashastra, kiligunduliwa upya mwaka 1905, anatenga sehemu nzima kwa kazi hiyo hiyo: namna ya kuzivunja nchi za mabaraza kwa majasusi, wanawake na uvumi. Anasema kulipata baraza upande wako ni bora kuliko kupata jeshi.

Utaratibu wa mabaraza hayo unaonekana vizuri zaidi kwenye jumuiya ya watawa wa Kibuddha, ambayo nayo iliitwa sangha. Kulikuwa na akidi: shughuli nyingine zilihitaji watawa wanne, nyingine watano, kumi au ishirini. Hoja ilitangazwa, kisha ikasomwa mara moja au mara tatu. Aliyenyamaza alihesabiwa amekubali. Mgogoro ukishindikana kutatuliwa, walipiga kura kwa vijiti vya rangi tofauti. Mgawa vijiti alipaswa kuwa mtu asiye na upendeleo, chuki, woga wala ujinga. Kura ingeweza kuwa ya wazi, ya kunong'onezwa sikioni, au ya siri, ambapo kila mtawa aliambiwa kijiti hiki ni cha upande huu, kile cha upande ule, chukua unachotaka, usimwonyeshe mtu. Ila kuna kifungu ambacho leo kingewafanya watu waandamane barabarani: mgawa vijiti akiona wanaopinga mafundisho ya dini ndio wengi, alitakiwa kutangaza kwamba kura imepigwa vibaya. B. R. Ambedkar, mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba, alipohutubia Bunge la Katiba la India tarehe 25 Novemba 1949, aliwakumbusha wenzake kuhusu mabaraza ya watawa hao na kanuni zao. Kifungu hicho hakukigusa.

Sasa twende kusini, miaka zaidi ya elfu moja mbele. Uttaramerur ni mji mdogo wa Tamil Nadu, na kwenye kuta za hekalu lake kumechongwa kanuni za uchaguzi za mwaka 919 na 921, enzi za mfalme Parantaka wa Kwanza wa ukoo wa Chola. Kijiji kilikuwa cha Mabrahmini, tabaka la makuhani wa Kihindu, na kiligawanywa kata 30. Kwa kanuni za 921, mgombea awe na shamba linalolipiwa kodi, nyumba kwenye kiwanja chake mwenyewe, elimu ya Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu, na umri kati ya miaka 35 na 70. Aliyekaa kwenye kamati ndani ya miaka mitatu iliyopita hakuruhusiwa.

Majina yaliandikwa kwenye vipande vya majani ya mvumo, yakafungwa kwa kata, yakatiwa mtungini. Makuhani wote waliketi ukumbini. Aliye mzee kupita wote alisimama na kuuinua mtungi juu, kila mtu auone. Mtoto asiyejua kinachoendelea aliitwa atoe fungu moja. Likamiminwa kwenye mtungi mwingine mtupu, ukatikiswa, akatoa kipande kimoja. Msimamizi alikipokea kwenye kiganja kilichokunjuliwa, vidole vyote vitano wazi, asije akaficha kipande kingine. Akasoma jina, na makuhani wote wakalisoma. Hivyo kwa kila kata. Kati ya 30 waliopatikana, 12 waliingia kamati ya mwaka, 12 kamati ya bustani, 6 kamati ya bwawa, kwa siku 360.

Kanuni za 919 ziliweka umri kati ya miaka 30 na 60. Miaka miwili baadaye zikaandikwa upya kwa kirefu zaidi, mbele ya ofisa wa mfalme, ili, kama andiko linavyosema, waovu wa kijiji waangamie na wengine wastawi. Orodha ya waliozuiwa inaanza na mjumbe aliyetoka madarakani bila kuwasilisha hesabu zake. Baada yake wanatajwa, mmoja mmoja, ndugu zake: watoto wa mama zake wakubwa na wadogo, wa shangazi zake, wajomba zake, mkwewe, shemeji zake. Hakuna hata mmoja wao ambaye jina lake lingetiwa mtungini.