Je, wajua kwa nini wema wa mhandisi Kucherov uligeuka ugomvi?

Inakuwaje watu wema wahamie karibu na kijiji cha watu wapole, kisha baada ya muda si mrefu waachane kama maadui? Anton Chekhov, daktari na mwandishi wa Urusi, aliliweka swali hilo katika hadithi fupi iliyotoka gazetini Januari 1899, "Novaya dacha", yaani nyumba mpya ya mapumziko. Naipenda hadithi hii kuliko nyingi zake zilizo maarufu zaidi, kwa sababu ndani yake hakuna mtu wa kumchukia.

Mhandisi Kucherov anajenga daraja karibu na kijiji cha Obruchanovo. Mkewe, Elena Ivanovna, anavutiwa na bonde la mto, mume ananunua ardhi, na punde nyumba ya ghorofa inasimama, ina mnara na bendera inayopandishwa Jumapili. Wenyewe wana nia njema. Elena anawatembelea wanakijiji na binti yake mdogo, anaahidi kuwajengea shule na kutengeneza barabara. Anajibiwa na Volodka, mtoto wa mhunzi, kwamba wao hawana haja ya shule, watoto wao wanasoma kijiji kingine na waendelee hivyo.

Hakuna damu inayomwagika. Ng'ombe wa kijiji wanaingia kwenye bustani ya Kucherov, nguruwe wanafukua malisho, miti inakatwa, leo imepotea hatamu, kesho koleo. Mhandisi anavumilia, kisha anawasimamisha wakulima njiani. Anawaambia: sisi tunawatendea kama binadamu, nanyi tulipeni kwa sarafu ileile. Mhunzi Rodion, mzee mwenye moyo mweupe, anarudi nyumbani akiwa ameelewa kwamba bwana anadai pesa, akaona afadhali kila kaya itoe kopeki kumi.

Siku nyingine Kucherov anakasirika na kusema mwisho wake yeye na mkewe watawadharau. Kwa Kirusi neno hilo linaachana kwa irabu moja tu na lile la kumtunza mtu. Rodion analisikia hilo la pili. Anamweleza mkewe, Stepanida, kwa furaha kwamba bwana na bibi watawatunza, na kwa watu wa umri wao si jambo dogo.

Rahisi kumcheka Rodion, lakini Chekhov hamcheki. Umwinyi ulifutwa Urusi mwaka 1861, miaka 38 tu kabla ya hadithi hii. Mzee kama yeye alizaliwa wakati mkulima alikuwa mali ya mwenye ardhi, na bwana aliposimama kuzungumza, aghalabu alikuwa anaamuru, anatoza au anatoa sadaka. Sikio lililolelewa hivyo linatafuta mambo hayo matatu. Kucherov anadai jambo la nne, ujirani wa watu sawa, huku akiwa amesimama mbele ya mnara wake wenye bendera. Na hauoni mnara huo, kwa kuwa ni wake.

Chekhov alijua pande zote mbili kwa mwili wake. Babu yake alikuwa mtwana aliyejikomboa kwa fedha mwaka 1841. Mjukuu akahitimu udaktari Moscow mwaka 1884, na mwaka 1892 akanunua shamba Melikhovo, akawa yeye ndiye bwana. Aliwatibu wakulima bila malipo, akasimamia vijiji 25 wakati wa tishio la kipindupindu, akajenga shule tatu. Bila shaka alikwisha kuona jinsi mkono unaotoa unavyotazamwa. Nadhani ndiyo maana Elena hakuchorwa kama bibi wa mapambo tu: naye anatoka kwa watu wa kawaida, na ndugu za mumewe hawakumkubali. Anamweleza Stepanida huzuni yake. Rodion naye, ambaye haelewi hotuba za mhandisi, anaelewa machozi. Anamsihi bibi asikasirike, avumilie mwaka mmoja, miwili, mambo yatakaa sawa, watu wa hapa si wabaya.

Hawakuvumilia. Nyumba inauzwa kwa afisa mmoja wa serikali mwenye cheo kidogo na majivuno makubwa, ambaye hata wakulima wakimsalimu haitikii. Na kijiji kinaishi naye vizuri. Wakipita hapo baadaye wanajiuliza ni ukungu gani ule uliowaficha jambo kubwa, wakabaki kuona hatamu na koleo tu. Mwandishi hawajibu. Katika barua ya mwaka 1888 alikwisha kusema kazi ya msanii ni kuliweka swali sawasawa, si kulitatua.

Mimi naona jibu limo kwa yule afisa. Hakuwapa wanakijiji chochote, wala hakuwadai shukrani wala urafiki. Walijua yeye ni nani na wao ni nani, kama baba zao walivyojua. Kucherov ndiye aliyewataka wawe kitu kipya kwa majira machache, naye akabaki juu ghorofani.