Nje ya mfumo rasmi si bila mpango

Mgeni wa mradi wa vijana akitua Tanga na mpira na kalamu za rangi, wengi husema: ah, hiyo si elimu, ni kucheza tu. Kosa liko kwenye jina: wanachanganya elimu mbili. Elimu isiyo rasmi ni ile unayoiokota nyumbani au kijiweni bila kukusudia. Elimu nje ya mfumo rasmi ina lengo, muda na mwezeshaji, ila haifuati madarasa ya shule. Hapa nchini ina hata chombo chake, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kwa sheria ya mwaka 1975.

Chukua kipindi cha dakika 90 na vijana 20 wa Sahare, huko huko Tanga. Mchezo wa kununua na kuuza dagaa kwa mtaji wa kokoto: dakika 25. Zinazobaki ni za maswali. Nani kafilisika? Aliuza lini? Mbona hakutenga mtaji wa kesho? Somo liko hapo, na hapo ndipo wageni huharibu: kutafsiri sentensi kwa sentensi hula karibu nusu ya muda, mjadala unakatwa, mchezo unabaki. Afadhali mwezeshaji wa Tanga aongoze kwa Kiswahili, mgeni akae pembeni na daftari lake.