Dhima ya Chuo Kikuu Husomwa Katika Masharti ya Kujiunga

Wanafunzi wangu wa historia ya elimu hupenda kuanza utafiti wao kwa kunakili tamko la dira na dhima ya chuo. Huwaomba waliweke kando kwanza, watafute waombaji walitakiwa kuleta nini, kozi zipi zilikuwa za lazima kwa wote, na vitivo vipi vilizaliwa au kujitenga. Kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ninachokifahamu zaidi, kumbukumbu za namna hiyo hueleza mengi kuliko matamko.

Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London na kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Makerere ya Uganda ilikwisha kuwa na mafunzo ya tiba, na nchi changa ilihitaji mahakimu na wanasheria wake yenyewe. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia kampasi yake ya sasa, Mlimani. Kazi yake wakati huo ilikuwa kuandaa watu wa kushika ofisi zilizokuwa zikiachwa na wakoloni.

Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sharti la kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na mamia yao wakafukuzwa. Azimio la Arusha lilifuata Februari 1967, na mwezi uliofuata chuo kiliitisha mkutano kujadili nafasi yake katika Tanzania ya kijamaa. Hapo ndipo lilipochipua somo la lazima ambalo baadaye lilijulikana kama Taaluma za Maendeleo, likamfikia hata mwanafunzi wa uhandisi.

Lakini mageuzi makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yaliletwa na Azimio la Musoma la mwaka 1974. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuweza tena kwenda moja kwa moja Mlimani. Alipaswa kwanza kufanya kazi angalau miaka miwili, kisha aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Maana yake ni kwamba sifa ya kuwa msomi haikupimwa tena kwa mtihani pekee, bali pia kwa ushuhuda wa watu aliofanya kazi nao. Sharti hilo liliwaumiza wasichana, ambao idadi yao ilishuka, nao wakasamehewa sharti hilo mwaka 1976. Nalitazama kwa heshima azimio lile, hata pale liliposhindwa, kwa sababu lilithubutu kuuliza elimu ya juu ni mali ya nani. Uchangiaji wa gharama ulipoingia katika miaka ya 1990, na Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, swali hilohilo lilipewa jibu tofauti: anayesoma ndiye atakayelipa.

Vitivo navyo vina simulizi yao. Kitivo cha kilimo cha Morogoro kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Muhimbili, penye tiba, na Ardhi zikajitegemea mwaka 2007. Mtu angedhani Mlimani umeachana na tiba na kilimo moja kwa moja, kumbe miaka michache baadaye umeanzisha upya vyote viwili, tiba ikifundishwa katika ndaki (tawi) yake ya Mbeya.

Ninachokijali zaidi ni Kiswahili. Kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili iliingizwa chuoni mwaka 1964 na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Ufundishaji ulikuwa kazi ya Idara ya Kiswahili, hadi mwaka 2009 vyombo hivyo viwili vilipounganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Leo mtahiniwa wa uzamivu anaweza kutetea tasnifu kuhusu ngeli au tenzi kwa Kiswahili tangu salamu hadi swali la mwisho la jopo, ilhali mwenzake wa fizikia, aliyelelewa kwa lugha hiyohiyo, hulazimika kutetea yake kwa Kiingereza.