Mpaka si kununa

"Mimi bosi nimemwekea mpaka." Panda matatu Kondele jioni au kaa kibanda cha chai karibu na eneo la viwanda Nakuru, utaisikia kabla kikombe hakijapoa. Uliza ni mpaka gani. Utaambiwa, "Nimeacha kumsalimia," au "Nimemwambia asinitume tena." La kwanza ni kununa. La pili ni kukataa agizo, na linaweza kukufutisha kazi.

Maana yenyewe haina mengi. Mpaka ni uamuzi wako kuhusu utakalofanya wewe jambo fulani likitokea, ukiwa umeshamjulisha anayehusika. Sera ni kauli ya mwajiri kwa wafanyakazi wote: lipi halikubaliki, nani apokee malalamiko, hatua gani ifuate. Basi.

Tatizo ni kwamba tumesahau neno letu wenyewe. Mpaka ni nomino, mpaka wa shamba, lakini pia ndilo lile lile tunalosema "nipo kazini mpaka saa kumi na moja". Hilo la pili ndilo lenye somo. Linaeleza mimi naishia wapi, wala halimwamuru mtu mwingine asimame wapi. Halafu kuna kitenzi kupakana. Lina ule mwisho wa -ana, wa kutendana, kwa hiyo hakuna shamba linalopakana peke yake. Pita Vihiga, ambako vishamba ni vidogo na kila hatua ya udongo ina mwenyewe: mkonge au ua uliopandwa mpakani unaonekana kutoka pande zote mbili. Anayenuna kazini amechora mstari kichwani mwake, kisha anamkasirikia aliyeukanyaga.

Kanuni ni kitu kingine kabisa. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa ufito ulionyooka wa kupimia. Ufito hauegemei kwako wala kwa meneja; kila mmoja anapimwa nao. Ndiyo maana husemi "kanuni yangu" ukiwa na maana ya mpaka wako.

Mchukue karani wa stoo Kisumu. Saa 3:40 usiku ujumbe wa meneja wake unaingia kwenye WhatsApp: "Nitumie hesabu ya leo sasa hivi." Akijibu "Usiniandikie usiku," amemwamuru mtu asiye chini yake. Akinyamaza, kesho apite mlangoni bila salamu, amenuna. Mpaka unasemwa hivi: "Madam, nimeuona ujumbe. Saa zangu kwa mkataba huisha saa 11 jioni. Hesabu utaipata kesho saa 2:30 asubuhi. Kama ni dharura, tafadhali nipigie simu." Na saa 2:30 hesabu iwe imefika kweli. Ikifika saa nne, mpaka umebomolewa na aliyeujenga.

Jibu hilo linasimama kwa sababu ya neno "mkataba". Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataka saa za kazi ziandikwe katika maelezo ya ajira, na cha 27 kinakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Soma karatasi zako kwanza. Ukikuta ulitia sahihi kuwa utapatikana usiku zamu ikikuangukia, huna pa kuegemea. Kukataa nako kuna bei: kifungu cha 44 kinahesabu kukataa agizo halali lililo ndani ya kazi yako kuwa kosa kubwa, la kufutwa papo hapo. Kuliita "mpaka" hakubadilishi kitu. Agizo likiwa nje ya sheria, kataa, tena kwa maandishi.

Linaloudhi zaidi ni wale wanaomshauri aliyeonewa "aweke mipaka". Msichana anashikwashikwa na msimamizi kwenye banda la kupakia maua Naivasha, anaambiwa aweke mipaka! Hapo mpaka wa nini? Sera imevunjwa, na wa kuwajibika ni mwajiri. Kifungu cha 6 kinamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Iombe, usome nani anapokea malalamiko, umwandikie huyo.

Barua nyingi hukwama kwa sababu zimejaa sifa. "Mazingira yana sumu" hakuna wa kulichunguza. Andika tarehe, saa, mahali, maneno yaliyotamkwa vilevile yalivyotamkwa, waliokuwepo, kipengele cha sera kilichovunjwa, na unachoomba kifanywe. Ukurasa mmoja unatosha. Toa nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Kumbukumbu weka kwenye daftari lako. Ukijitumia faili za kampuni kwa barua pepe ya nyumbani, kesho mshtakiwa ni wewe. Kulalamika kwenyewe si sababu halali ya kukufuta, kifungu cha 46 kinasema, isipokuwa ionekane ulilalamika ovyo bila msingi. Wakikuita kwa utovu wa nidhamu, cha 41 kinakuruhusu kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Ukifutwa, una miezi 3 ya kumfikia afisa wa leba. Mahakama ya leba nayo huketi Kisumu na Nakuru pia, si lazima uabiri basi la Nairobi.

Kwa hiyo mwenzako akikuambia tena amemwekea bosi mpaka, muulize polepole: ulimwambia wewe utafanya nini? Akikosa la kujibu, usimcheke. Mwambie tu kwamba neno analolitafuta ni kususa.