Acheni kuniuliza kamera

Juzi tena. Kijana kaniandikia inboksi, adabu zake zote, "ami nataka kuanza vita vya vijiaskari, ule mchezo wenu wa mezani wa sanamu ndogo, na wenzangu walio mbali, ninunue kamera gani?" na kabla sijamjibu akajijibu mwenyewe, ati anajua bila kamera ya maana na intaneti ya faiba haiwezekani, manake wale wa mbali hawataona meza vizuri, sasa watacheza na nini. Swali hili nimeshalijibu kwa wageni, kwa binamu zangu, kwa mtu niliyekaa naye tu kwenye boti ya Mokowe. Nimechoka. Wacha niandike hapa, anayekuja nyuma nimtumie linki.

Simu uliyonayo yatosha. Na wale wa mbali hawatakiwi kuona meza vizuri, hapo ndo mnapokosea nyote.

Ya vifaa nitayapita mbio. Simu moja naifunga kwenye boriti kwa kamba, inaangalia chini, meza yote ndani. Ya pili iko mkononi, mtu akitaka kuona karibu namzungushia. Taa iwe ya pembeni, ya juu inang'aa kwenye vanishi na hapo hakuna anayeona chochote. Feni zima, kelele zake zinameza maneno. Kila besi, yaani kibao wanachosimamia vijiaskari, ina ukanda wa rangi nyuma na namba kubwa. Kuhusu urefu wa askari, 28 mm ni tamu mkononi lakini kutoka juu utaona vilemba tu, 6 mm waliopangwa wengi kwenye besi moja ndo wanaonekana jeshi. Mimi nina 28 kwa hivyo nacheza na 28, siwezi kupaka rangi jeshi jipya kwa ajili ya simu. Stima ikipotea tunaendelea kwa meseji. Basi.

Sasa amri.

Mwaka 1824 luteni mmoja wa Prussia, von Reisswitz, aliwaletea wakubwa wake mchezo ambao babake alikuwa ameuanza zaidi ya miaka kumi nyuma. Ramani za 1:8000, raundi moja ni dakika 2 za vita, na katikati kuna refa. Wachezaji hawagusi kitu. Wanaandika amri, refa anasoma, refa anasogeza, halafu refa anawaambia kile tu ambacho jemadari wao angekiona pale aliposimama. Mkuu wa majeshi, von Müffling, alikuja kutazama bila hamu yoyote, akaondoka akisema huu si mchezo, haya ni mafunzo ya vita. Hapo hakuna kamera, hakuna stima, na watu walicheza wakiwa vyumba mbalimbali, yaani kucheza mbali mbali ndo asili yake, sisi wa kukaa meza moja tunashika rula ndo tuliokuja baadaye. Kwa hivyo usiniambie faiba.

Na kama bado wafikiri kuona vizuri ndo ushindi, soma habari za Balaclava, Waingereza na Warusi wakipigana, 25 Oktoba 1854. Raglan, jemadari wa Waingereza, alikuwa juu kilimani, anaona bonde lote na mizinga yote, kamera bora kuliko utakayonunua wewe. Akaona Warusi wanataka kuondoka na mizinga, akatoa amri wapanda farasi waende mbele haraka wawazuie. Lucan, mkuu wa wapanda farasi, yuko chini bondeni, mizinga hiyo haioni, akamuuliza mleta barua, mizinga gani? Mleta barua, Nolan, akanyoosha mkono tu, hiyo hapo! Zaidi ya farasi 600 wakaingia bonde lisilo lenyewe, mizinga mbele na mizinga pembeni. Amri ile ilikuwa sawa kwa mtu aliye juu. Aliyekuwa juu alisahau kwamba anayeipokea hayupo juu naye. Kila nikiona mtu anafunga kamera ya tatu namkumbuka Raglan.

Lakini hapa kuna jambo dogo ambalo watu hulichanganya na ndo linanipandisha presha zaidi. Kuna mtu husoma habari hizi za kutokuona halafu akaniambia "aa basi picha ikistaki ni sawa, ndo vita vyenyewe". Hapana bwana! Kuna kutokujua kwa jemadari na kuna kutokuona kwa simu mbovu, na haya mawili si ndugu. Jemadari hajui nyuma ya fungu la mchanga kuna nini, lakini ajua kuna fungu la mchanga. Anajua kikosi chake kiliposimama asubuhi. Anaijua nchi. Kama mwenzako wa mbali hajui kwamba kile kitu cha kijani ni mikoko ama ni taulo lako, hapo hujamfanya jemadari, umemfanya mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Kwa hivyo kabla ya mchezo kila mtu anapata ramani kwa WhatsApp, imechorwa na kalamu, kila mahali pana jina. Hata jiwe. Picha ya meza nawatumia moja, ya mwanzo. Baada ya hapo simu ya kwenye boriti iko tu kwa ajili ya raha yao, na mara nyingine naigeuza makusudi iangalie ukuta, hapo utasikia kelele mpaka punda wa nje anaitikia.

Sisi tuko wanne. Mmoja Malindi, mmoja Mombasa, mmoja Muscat ambaye amezaliwa hukohuko, na mimi refa niko Amu, yaani Lamu. Mchezo tunaoupenda ni Vita vya Shela. Kwa wasio wa huku, mwanzoni mwa miaka ya 1810 Mazrui, watawala wa Mombasa, na watu wa kisiwa cha Pate walikuja na vyombo wakateremka Shela, kijiji cha hapa kisiwani, waitwae Lamu, Waamu wakawatokea wakawapiga vibaya, na wazee husimulia kwamba waliokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa juu ya mchanga, maji yamekupwa. Kisha Lamu ikamuomba Sayyid Said wa Oman aje awalinde, na yaliyofuata mnayaona kila mkipita mbele ya ngome.

Amri yetu ya kwanza kabisa kutoka kwa mwenzetu wa Malindi, aliyekuwa upande wa Pate, ilisema hivi: "Kikosi cha 3 kisogee mbele kidogo kushoto mpaka karibu na miti." Hebu isome tena. Kidogo ni inchi ngapi? Kushoto kwa nani, kwake yeye kwenye skrini, kwangu niliyekaa upande wa pili wa meza, au kwa wale watu wenyewe ambao wameangalia huko? Miti ipi? Na wakifika wafanye nini, wakae wale tende? Namuuliza anasema "si unaona tu hapo". Mimi naona. Kikosi cha 3 ndo hakioni.

Tukaamua kushoto na kulia marufuku, tutatumia pande kama manahodha, kibla, suheli (kusini), matlai (mashariki), maghribi (magharibi). Mambo yakanyooka kabisa, kila mtu wa pwani anajua kibla iko wapi. Mpaka siku mwenzetu wa Muscat aliposhika Mazrui, akaandika "kikosi cha 5 kielekee kibla, kikalie mafungu ya mchanga". Sasa ukiwa Amu kibla ni kaskazini, Makka iko juu yetu karibu moja kwa moja. Ukiwa Muscat Makka iko magharibi, na mtoto wa Muscat tangu madrasa kibla yake ni huko jua linakozama. Yeye alitaka watu wake wapande michangani, upande wa maghribi. Amri yasema kibla. Refa anatekeleza iliyoandikwa, kwa hivyo kikosi cha 5 kikashika ufuo kuelekea kaskazini, peke yake, kikitafuta mafungu ya mchanga ambayo huko hayako, mpaka kikakutana na Waamu waliokuwa wanakuja kutoka mjini. Alinikasirikia kweli. Wenzake walicheka mpaka bando likaisha. Walahi hakuna kamera duniani ingekupa kitu kama hicho, na ndo mchezo wetu bora kuliko yote.

Halafu maji. Hapa nitakaa kidogo manake ndo nilipoumiza kichwa sana. Raundi yetu moja ni nusu saa, na kutoka maji yamejaa mpaka yamekupwa ni kama saa 6, yaani raundi 12. Mtu wa bara anafikiri maji yanashuka sawasawa. Hayashuki sawasawa. Gawanya kina chote kumi na mbili, saa ya kwanza inatoka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani saa ya kwanza waona kama maji yamesimama, halafu katika saa ya tatu na ya nne nusu ya maji yote inaondoka. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kina hicho kwetu chaweza kupita mita 3, chombo ulichokiacha kinaelea waja ukikute kimelalia ubavu. Kwa maji mafu tofauti ni ndogo, kwa hivyo narusha dadu kwa siri kabla ya mchezo kuamua leo ni bamvua au maji mafu au katikati.

Mezani bahari ni vipande vya kitambaa cha buluu vilivyopangwa kwa tabaka, na kila raundi navuta kiasi chake, polepole, bila kusema. Kutoka juu kwenye simu huwezi kutambua kitambaa kimesogea vidole viwili. Nimeshawaambia sheria: ukitaka kujua maji yako wapi, andika amri ya kumuuliza nahodha, na jibu litakuja raundi inayofuata kwa sababu mtu lazima akimbie mpaka ufuoni na arudi. Wanajua sheria hii. Wanaisahau kila mara! Wanashughulika na bunduki na nani yuko nyuma ya mchanga, bunduki zenyewe za kumimina baruti mdomoni ambazo ukipita hatua mia moja huna uhakika wa kumpata mtu, na wakati huo chombo kinakaa chini kimyakimya. Akiwa amekaa nami chumbani angeona mkono wangu unavuta kitambaa. Kwa hivyo yule anayesema kucheza mbali ni kucheza nusu, kwa Shela mimi nasema kinyume chake, nikiwa nao chumbani mchezo huu unakufa.

Dadu kila mtu arushe zake nyumbani kwake aseme imetoka ngapi. Utaniuliza je akidanganya? Kama unacheza na mtu atakayedanganya dadu, badilisha rafiki.

Na wale wa "si mcheze gemu la kompyuta yaishe", kompyuta ukiibonyeza kikosi kinaenda. Hakielewi vibaya, hakichelewi, hakiudhiki. Mimi sina haja nacho.

Lakini nisijifanye kila kitu nimekimaliza. Kuna mambo mawili sina jibu lake. La kwanza, mwenzetu wa Mombasa husema wazi kwamba refa Mwamu hawezi kuamua Shela kwa haki. Namwambia aache maneno, ila nikilala nafikiria. Mwaka 1876 Mjerumani mwingine, Verdy du Vernois, alisema jedwali na dadu zipunguzwe, refa mwenye uzoefu aamue kwa akili yake. Vizuri, lakini akili yangu imekulia Amu, tangu mdogo nasikia jinsi tulivyowapiga. Mazrui akifanya jambo la busara sana mimi naona haliwezekani, Waamu wakifanya la kijinga naona ushujaa. Nilijaribu kubadilisha majina ya mahali na rangi za bendera wasijue ni vita gani, wakatambua raundi ya kwanza tu, nani mwingine angevuta kitambaa cha buluu. Saa hizi tunamwachia wa Malindi awe refa michezo mingine, naye ana zake.

La pili linauma zaidi. Ikiwa yote ni ramani na meseji, hawa vijiaskari wa nini? Nimekaa usiku nikipaka mistari ya vikoi kwa brashi ya nywele tatu, mistari ambayo simu ya kwenye boriti haiwezi kuionyesha hata siku moja. Wenzangu wangecheza vilevile na mbegu za ubuyu. Nikiwauliza wanasema "aa usiache, ni wazuri", lakini wanasema hivyo wakiwa wanasoma ramani. Nitaendelea kupaka, sababu sijui.

Mchezo unaofuata ni Tanga, Novemba 1914. Waingereza wanateremka Ras Kasone na watu kama 8,000, wengi kutoka India na wametoka kukaa melini wiki nyingi, na Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, ana kama 1,000. Walichapwa wakarudi melini. Nyuki pia walitoka, na sheria ya nyuki bado naiandika: nikiwaweka kwenye dadu wataonekana mzaha, nikiwaamulia mwenyewe Mombasa atapiga kelele. Shida ni kwamba wote watatu wameniandikia wanataka kuwa Lettow. Nafasi ya Aitken, jemadari wa Waingereza, iko wazi. Anayeitaka anitumie amri yake ya kwanza, maneno yasizidi 20, isiwe na "kidogo" ndani, na meseji za sauti za dakika nne sisikilizi.